Almasi ya njano haiangaliwi chini ya taa ya dukani

Mteja anayejua vitambaa humjui kwa mavazi yake. Utamjua akishashika jora, maana hakai nalo ndani. Atalibeba mpaka mlangoni, akunjue kipande, akitazame kwenye mwanga wa nje. Duka langu la Kariakoo lina taa nne nyeupe na mbili za njano, na zile mbili za njano sikuzifunga kwa bahati mbaya. Ziko juu ya rafu ya satini na lesi za harusi. Kitambaa cha krimu iliyopauka kikikaa chini yake kinaonekana kama samli mpya. Nauza mwaka wa ishirini huu, taa nazijua.

Nayasema haya mapema ili msinionee huruma mkisikia kwamba mwezi wa pili nilikaa dakika arobaini kwenye duka la vito Deira, Dubai, nusura niingizwe mjini kwa taa ileile ninayowawashia wenzangu.

Mimi ni wa Shinyanga, nimekulia Maganzo, mji ulio jirani kabisa na mgodi wa almasi wa Mwadui. Baba aliendesha malori ya mgodi miaka ishirini na miwili. Watu wa Dar nikiwaambia hivyo wananiuliza kama kwetu tulikuwa tunachezea bao kwa almasi. Hatukuwahi kuiona hata moja. Tulifundishwa kwamba Williamson, mjiolojia wa Kanada, aliuvumbua mwamba ule wa almasi mwaka 1940, kwamba una hekta 146, kwamba mwaka 1947 Elizabeth wa Uingereza alipoolewa alizawadiwa jiwe la pinki la karati 54.5 lililotoka hapo kwetu. Lakini jiwe likishatoka ardhini linapita kwenye vyumba vya kufuli na mikono ya walinzi, kisha linapanda ndege. Vumbi ndilo lililokuwa letu.

Baba alisema aliona almasi moja tu, kwenye kiganja cha mwenzake, kabla msimamizi hajafika kuichukua. Ilikuwa ya njano, kama punje ya mahindi. Kila mwaka alivyoisimulia punje ilinenepa. Ninamaliza darasa la saba ilikuwa imefikia haragwe. Alifariki mwaka niliofungua duka.

Basi nilipotimiza miaka hamsini, na kikoba kikavunjwa mwezi wa kumi na mbili kwa fungu zuri kuliko nilivyotarajia, sikutaka almasi nyeupe kama za maharusi wa Instagram. Pinki ni za kina malkia. Nilitaka ya njano.

Binti wa dada yangu anasoma jemolojia, elimu ya vito, Arusha, pale Kituo cha Jemolojia Tanzania. Nikamwambia safari hii nikienda kufuata mzigo Dubai narudi na pete. Akanitumia sauti za WhatsApp nane mfululizo. Ya kwanza ilianza hivi: "Shikamoo mama mdogo. Kabla hujatoa hata dirham moja, naomba unisikilize mpaka mwisho." Heshima yote ipo, ukali wa mwalimu wa hesabu nao upo.

Nitawaeleza nilivyomwelewa. Almasi za kawaida rangi yake inapimwa kwa herufi, kuanzia D mpaka Z. Mfumo huo ni wa GIA, taasisi ya Marekani, na ulianza miaka ya 1950. Waliziruka A, B na C makusudi, kwa sababu kabla yao kila mfanyabiashara alikuwa na A yake, na mwenzake ana AA, na wa tatu ana AAA kama betri za redio. D haina rangi kabisa. Ukishuka herufi, njano inaingia kidogo kidogo. Ukifika S na kuendelea hata mimi nisiye na miwani naiona. Na kila herufi unayoshuka bei inashuka nayo, maana huko njano ni kasoro.

Halafu ikivuka Z mambo yanageuka. Njano inakuwa sifa. Jiwe linatolewa kwenye herufi na kuitwa fensi. (Kwetu fensi ni ukuta wa kuzungushia nyumba, kwa hiyo hapo ilibidi binti aanze upya.) Kuna fensi hafifu, fensi yenyewe, fensi iliyokolea, na fensi kali, ile inayowaka, kuna pia nzito na za giza. Kila daraja unalopanda, bei inapanda, na fensi kali inaruka sana.

Sauti ya nne ndiyo iliyonifanya nikae kitako. "Mama mdogo, wewe ni mtu wa biashara. Pana mstari mmoja tu pale. Upande huu njano inapunguza pesa, upande ule njano inaongeza pesa. Jiwe likikaa karibu na mstari, unadhani muuzaji atalisukumia wapi?"

Sikuhitaji kujibu. Mimi mwenyewe nimewahi kuandika "hariri" kwenye kitu kilichopita mbali na hariri.

Akaniambia na namna ya kupima, kwa sababu hapo ndipo mchezo unapochezewa. Almasi ya herufi wataalamu wanaipindua, uso chini mgongo juu, juu ya kitu cheupe, wanaitazama kwa ubavuni na kuilinganisha na mawe ya mfano. Fensi inatazamwa usoni, kama inavyovaliwa. Sababu ni kwamba uso unaweza kubadilishwa na mkataji. Kuna mikato, kama ule wa mraba uliokatwa kona, inayoufanya mwanga uzunguke sana ndani ya jiwe kabla haujatoka, kwa hiyo unatoka umechota rangi zaidi. Huo si wizi, ni ufundi wa mtu. Ila jiwe likishafungwa kwenye pete hakuna anayeweza kulipima sawasawa. Ukitaka ukweli, liombe likiwa uchi.

Nikaingia Deira na kipimo changu cha akiba, cha jikoni: maji ya limau, nanasi, kiini cha yai la kuku wa kisasa, kiini cha yai la kienyeji, bizari. Msicheke. Njano yenyewe tunaiita manjano, na manjano ni kiungo cha mchuzi kabla hakijawa rangi.

Asubuhi nilimaliza mambo ya mzigo Murshid Bazaar, mchana nikatembea mpaka soko la dhahabu. Lile soko lina paa la mbao juu ya njia, kwa hiyo mwanga unaouona mle ni wa madirisha ya maduka, na kila dirisha lina taa za kumtosha bwana harusi. Duka la kwanza pete ilikuwa katikati ya kabati, peke yake, imekaa kama bi harusi wa kibao kata. Karati 1.21. Kijana akasema fensi yelo, dirham 21,000, kwa mama wa Afrika bei rafiki. Nikaivaa. Jamani. Ilikuwa kiini cha kienyeji kabisa.

Nikaomba kutoka nayo nje.

Hairuhusiwi. Nikamwekea mkoba wangu na simu juu ya kaunta, nikamwambia anipe na mtu wa kunilinda. Akaniangalia kama mtu aliyeombwa figo, mwishowe akamtoa kijana mdogo anisindikize. Tukaenda mpaka mwisho wa njia, paa linapoishia. Binti alishanionya nisisimame kwenye jua lenyewe, jua linaimeremetesha almasi mpaka huoni kitu. Nisimame kivulini, penye mbingu wazi. Nikatoa risiti ya mzigo, nikaigeuza upande mweupe, nikaipindua pete juu yake na kuitazama kwa ubavuni.

Jiwe lilikuwa limekalishwa ndani ya kikombe cha dhahabu ya njano, kama yai ndani ya kikombe cha yai. Pale lilipogusana na kikombe lilikuwa njano ya kupendeza. Pembeni, sehemu ndogo iliyokuwa imechungulia juu ya kikombe, lilikuwa maji ya limau. Tena limau lililokamuliwa mara ya pili.

Nikarudi ndani nikaomba hati ya maabara. Akaleta karatasi nene yenye nembo inayong'aa na mhuri, rangi imeandikwa fensi, sahihi ipo. Nikasoma mpaka chini: aliyeitoa ni duka lenyewe. Nikauliza kama jiwe lina namba, maana maabara kubwa mara nyingi huandika namba ya hati kwa leza kwenye mkanda wa jiwe, ule mzunguko mwembamba wa kiunoni, na ukiwa na kioo cha sonara unaisoma. Hakuna. Nikauliza kama naweza kuliona likiwa nje ya pete. Akacheka.

Nilipoinuka bei ikawa 18,000. Nilipofika mlangoni, 15,500. Kitu kinachoshuka dirham elfu tano na mia tano kwa hatua nane mwenye kitu mwenyewe hakiamini, na hilo siwalaumu, hata mimi hatua za mwisho huwa natoa punguzo. Ila mimi nakuuzia kitambaa ulichokiona.

Duka la pili nalisema haraka. Jiwe la karati 1.5, bizari tupu, dirham 3,900. Nikamuuliza muuzaji, hii imechimbwa au imetengenezwa? Akajibu bila kupepesa: imetengenezwa maabara, na hati inasema hivyo. Nilimheshimu. Binti alinieleza baadaye kwamba njano ndiyo rangi rahisi zaidi kwao. Rangi inatokana na naitrojeni, chembe zake zinakaa mahali pa kaboni ndani ya jiwe na kumeza mwanga wa bluu, njano inabaki. Kwenye mitambo ya joto na mgandamizo mkubwa naitrojeni inajiingiza yenyewe kutoka hewani. Kazi ngumu ni kuizuia ili upate nyeupe. Ni almasi kweli, kaboni ileile. Lakini mimi nilikuwa namtafutia baba jiwe lililotoka ardhini.

Siku ya tatu wenzangu wa Kariakoo wakaniambia, kwa nini huendi kwa yule mzee wa Mwanza? Ni Mhindi, amezaliwa na kusoma Mwanza, yuko Dubai miaka mingi, ana ofisi ghorofani nyuma ya soko. Wafanyabiashara wetu wanampenda kwa sababu unaweza kubishana naye bei kwa Kiswahili.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, dada. Karibu. Umekuja kununua au umekuja kupumzika? Wote wanaopanda ngazi zile wanapumzika kwanza."

Ofisi ilikuwa na meza, kasiki, feni, na dirisha linaloangalia kaskazini. Nikamuuliza kwa nini meza imebanwa kwenye dirisha. Akasema huku Dubai jua la mchana halipiti upande huo, kwa hiyo mwanga wa kaskazini ni mtulivu mwaka mzima. "Kwetu Mwanza ningehamisha meza kila miezi sita, jua linatembea huku na huku."

Akatoa vikaratasi vilivyokunjwa kama vile vya dawa za unga za zahanati ya zamani. Vitatu. Akamwaga kila jiwe kwenye trei nyeupe, halafu akakunja kadi nyeupe iwe kama mfereji, akayapindua mle moja baada ya jingine. La kwanza lilikuwa fensi iliyokolea, karati 0.90. Halikuhitaji msaada wa kitu chochote. Hata limelala kifudifudi lilikuwa njano. Bei yake nikaisikia, nikamwomba alirudishe kwenye karatasi kabla sijalizoea. La pili lilikuwa fensi, lakini hati yake ilitanguliza kahawia kabla ya njano. Akanifundisha kwamba hapo neno la mwisho ndilo rangi yenyewe na linalotangulia ndilo kilichoichafua au kuichangamsha, na kwamba kahawia kidogo inateremsha bei, chungwa kidogo wapo wanaoipenda. Pia kwa fensi nisisahau kusoma mstari wa asili ya rangi: lazima useme ni ya asili, kwa sababu jiwe linaweza kupigwa mionzi au kupikwa kwa joto na mgandamizo mpaka likageuka rangi.

La tatu lilikuwa karati 1.08, mraba uliokatwa kona. Kifudifudi lilikuwa limau, limau zuri, la kwanza kukamuliwa. Akaligeuza uso juu na hapohapo likapanda ngazi, likawa nanasi.

"Hili ni W hadi X," akasema. "Siyo fensi. Ukilivaa watu watasema fensi, wewe usibishane nao. Lakini mimi siwezi kukuandikia hivyo."

Nikamwambia wa kule chini kanionyesha kama hili likaitwa fensi. Hakumsema vibaya. Alifungua droo, akatoa kikombe cha pete kitupu cha dhahabu ya njano, akaliweka jiwe ndani kwa koleo. Nanasi likawa kiini cha yai, mbele ya macho yangu, hakuna kilichoongezwa.

"Ndivyo wanavyofanya. Na mimi nitakufanyia hivyohivyo, maana linapendeza. Ila utalipa bei ya W."

Hapo nikakumbuka zile taa zangu mbili, nikacheka peke yangu, mzee akadhani namcheka yeye.

Akaniambia wazee wa biashara hawakuwa wakisema W wala X. Walisema Cape, kwa sababu mawe mengi ya namna hii yalitoka Afrika Kusini tangu machimbo ya Kimberley yalipofunguka, yakapitia Cape kwenda Ulaya, na jina likabaki hata kwa jiwe lisilojua Cape iko wapi. Jiwe la njano la Tiffany, kampuni ya vito ya Marekani, linalojulikana dunia nzima, nalo ni la Kimberley. Lilikuwa na karati 287.42 kabla halijakatwa, na baada ya kukatwa likabaki 128.54. Nikawaza zile 158 na ushee zilizopotea. Mzee akasema sura ya mtu anayepiga hesabu anaijua.

Nikachukua kioo chake, nikatafuta namba mkandani. Unalizungusha jiwe taratibu, unadhani hakuna, halafu tarakimu zinajitokeza, ndogo kama nyayo za sisimizi. Nikaiingiza kwenye tovuti ya GIA kwa simu yangu mwenyewe, siyo yake. Uzito uleule, vipimo vilevile, rangi W hadi X, hakuna neno la kupikwa wala kutengenezwa. Akaniuliza kama nimeridhika. Nikamwambia sasa ndiyo tuanze bei.

Alianzia 10,600 pamoja na pete ya dhahabu ya karati 18, kikombe cha njano na kucha nyeupe za kulishikilia jiwe. Tulimaliza kwa 9,800 na chai mbili za maziwa. Nilimwomba kucha zisifunike namba, na siku mbili baadaye nilipokwenda kuichukua niliisoma tena kabla ya kuivaa. Hakukasirika. Alisogeza kioo karibu yangu hata kabla sijakiomba.

Karati moja ya jiwe ni gramu 0.2, kwa hiyo langu lina gramu 0.216. Jioni ile hotelini Naif nilipiga hesabu hiyo nikaona ni jepesi kuliko punje ya mahindi. Baba naye, basi, pengine ya kwake haikuwa hata nusu punje.

Uwanja wa ndege nilidai kodi yangu ya asilimia 5, na Dar nikatoa risiti nikalipa nilichotakiwa. Dukani taa zile mbili bado zinawaka, msinitafute kwa hilo. Mteja akitaka kutoka na jora nje namfungulia njia.

Mwezi wa nne nilikwenda Maganzo kumwona mama. Ana miaka sabini na sita, na kwa zaidi ya nusu karne mgodi umekuwa jirani yake. Nikaivua pete nikamwekea kiganjani.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hii, mama."

"Mbona ya njano? Imechakaa?"

Nikamwambia ndivyo ilivyo, kama ile ya baba. Hakusema kitu. Akajikusanya, akashika ukuta, akatoka nayo mpaka barazani, akasimama kivulini akiipindua huku na huku kwa vidole vilivyozoea kuchambua mchele. Nikasubiri sana.

"Nzuri," akasema. "Wamekuuzia shilingi ngapi?"

Nikamtajia nusu ya bei. Akasema nimepigwa.